Garfield Kabla ya Filamu: Njia Ndefu ya Watoto wa East Los Angeles Kwenda Chuo

Filamu ya Stand and Deliver ilitoka mwaka 1988, na mpaka leo kuna walimu wanaoiweka darasani wakitaka kuwatia wanafunzi moyo. Hadithi yenyewe ni tamu. Mwalimu wa hesabu, Jaime Escalante, anaingia Garfield High School, shule ya mtaa wa watu wa kusota mashariki mwa Los Angeles. Wanafunzi karibu wote wana asili ya Meksiko. Wanamcheka, wanamzoea, wanampenda, na kabla ya filamu kuisha watoto ambao jana tu walikuwa wanahangaika na sehemu na desimali wamepita mtihani wa kalkulasi unaowatoa jasho hata watoto wa matajiri. Edward James Olmos, aliyeigiza kama Escalante, aliteuliwa kuwania Oscar.

Shida ni moja tu: hakuna mtu anayetoka kwenye sehemu na desimali hadi kalkulasi kwa mwaka mmoja. Haiwezekani Los Angeles, haiwezekani Kisumu. Escalante wa kweli alianza kufundisha Garfield mwaka 1974. Mtihani uliomfanya ajulikane ulifanywa 1982. Katikati hapo kuna miaka minane ambayo filamu iliikunja ikatia mfukoni. Na kabla ya hiyo minane kuna mingine mingi zaidi, ambayo watu wengine walipigana ili mtoto anayeitwa Mendez au Castro aketi tu kwenye darasa ambalo mwisho wake ni chuo kikuu.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka tuitazame, ile iliyokunjwa. Ukiamini filamu, utadhani dawa ya watoto maskini ni mwalimu mmoja mwenye moyo wa simba. Ukifuata historia, utaona kitu kisichovutia sana kwenye skrini: ratiba za masomo, kesi mahakamani, nauli, ada za mtihani, na watu waliorudia kazi ile ile kila Jumamosi kwa miaka.

Shule mbili, mji mmoja

Twende nyuma hadi California ya miaka ya 1940. Gonzalo Mendez, mzaliwa wa Meksiko, na mkewe Felicitas, mzaliwa wa Puerto Rico, walikuwa wamekodi shamba huko Westminster, kusini mwa Los Angeles. Shamba lilikuwa la familia ya Munemitsu, Wamarekani wenye asili ya Japani waliokuwa wamepelekwa kambini na serikali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ona jinsi mambo yalivyofumana: familia moja iliyobaguliwa inalima ardhi ya familia nyingine iliyobaguliwa zaidi.

Shule zilipofunguliwa, shangazi yao watoto wa Mendez, Soledad Vidaurri, aliwachukua pamoja na watoto wake mwenyewe akawapeleka kuandikishwa katika shule ya karibu. Watoto wake walikuwa na ngozi nyeupe zaidi na jina la ukoo lililosikika kama la Kifaransa. Wakakubaliwa. Watoto wa Mendez, weusi kidogo na wenye jina la Kimeksiko, wakaambiwa waende "shule ya Wameksiko". Shangazi akakataa kuwaacha wake pale. Akawarudisha wote nyumbani.

Mwaka 1945 Gonzalo Mendez na wazazi wengine wanne walishtaki wilaya nne za elimu kwa niaba ya watoto wapatao 5,000. Wilaya zilijitetea kwa hoja ya lugha: eti watoto hawa wanatengwa kwa sababu hawajui Kiingereza. Lakini walikuwa wakitengwa kwa kuangalia jina na sura, si kwa kuwapima lugha kwa dhati. Jaji Paul McCormick aliwapa wazazi ushindi Februari 1946, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye Aprili 1947. Thurgood Marshall, wakili wa NAACP ambaye baadaye angeshinda kesi ya Brown mwaka 1954, alishiriki kuandika hoja za kuwaunga mkono. Mwaka huo huo wa 1947, gavana wa California, Earl Warren, alitia saini sheria ya kufuta vifungu vilivyokuwa vimebaki vya kutenganisha watoto shuleni. Warren huyo huyo ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani uamuzi wa Brown ulipotolewa.

Basi mlango wa shule ukafunguka. Lakini kuingia kwenye jengo ni jambo moja, na kuingia kwenye darasa linalofaa ni jambo lingine kabisa. Shule za Los Angeles hazikuhitaji tena jengo la pembeni. Zilikuwa na njia nyingine: kugawa wanafunzi ndani ya jengo lile lile. Huyu aende aljebra na fizikia. Yule aende useremala, umakanika, ushonaji au kupiga taipu. Mshauri wa wanafunzi alikuwa na faili, na ndani ya faili kulikuwa na jina la ukoo. Mara nyingi hiyo ilitosha kukata shauri.

Kwa nini hili ni zito kuliko linavyosikika? Kwa sababu hesabu ni ngazi. Mwanafunzi asiyepata aljebra mapema hapati jiometri kwa wakati, asiyepata jiometri haoni trigonometria, na kalkulasi anaisikia tu kama jina la mtu. Hakuna anayemwambia, "Wewe huendi chuo." Anaambiwa tu, akiwa na miaka 13 au 14, "Muhula huu utachukua hesabu ya kawaida." Miaka minne baadaye anagundua kuwa lile lilikuwa jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Kijana aliyefundisha Cotulla

Wakati huo huo, mambo yalikuwa yakipikwa Washington, na mpishi mmoja alikuwa amewahi kukaa na watoto hawa ana kwa ana. Mwaka 1928 Lyndon Johnson, akiwa na miaka 20, aliacha masomo yake ya chuo kwa muda ili atafute pesa za kurudi kumalizia. Alipata kazi ya ualimu Cotulla, mji mdogo wa Texas karibu na mpaka, katika shule ya watoto wenye asili ya Meksiko iliyoitwa Welhausen. Watoto walikuja shuleni na njaa. Sehemu ya mshahara wake wa mwanzo aliitumia kuwanunulia vifaa vya michezo.

Johnson alikuja kuwa rais. Novemba 8, 1965, alirudi kwenye chuo alichosomea, huko San Marcos, Texas, kutia saini Sheria ya Elimu ya Juu. Katika hotuba yake aliwakumbuka watoto wa Welhausen, akasema hajasahau nyuso zao, wala uchungu wa kujua kwamba chuo kilikuwa kimefungiwa karibu kila mmoja wao kwa sababu ya umaskini.

Si kila alichofanya Johnson kinastahili makofi. Vita vya Vietnam viliwamaliza vijana wengi wa mitaa hiyo hiyo. Lakini kutokana na sheria zake za 1964 na 1965 kulizaliwa kitu ambacho bado kipo: Upward Bound. Wazo lilikuwa rahisi. Mtoto wa familia maskini hakosi akili, anakosa mazingira ya maandalizi. Kwa hivyo mchukue akiwa bado sekondari. Mpe mafunzo ya ziada wikendi. Wakati wa likizo ndefu mpeleke akaishi kwenye chuo kikuu chenyewe kwa wiki kadhaa, alale kwenye hosteli, ale kwenye kantini, apotee njia akitafuta maktaba. Akimaliza, chuo si picha tena. Ni mahali anapojua choo kiko wapi.

Upward Bound ilifuatwa na Talent Search, na mwaka 1968 ikaja programu ya tatu ya kuwasaidia waliokwisha kuingia chuo wasianguke. Kwa kuwa zilikuwa tatu, watu wakaziita TRIO, na jina likabaki hata programu zilipoongezeka. Sheria ikaja kutaka angalau thuluthi mbili ya wanaoingia Upward Bound wawe wanatoka familia zenye kipato cha chini na pia wawe wa kwanza kwao kutafuta digrii. Mwaka 1972 ukaongezwa msaada wa fedha usiorudishwa kwa wanafunzi maskini, ambao tangu 1980 unaitwa Pell Grant, kwa heshima ya seneta Claiborne Pell.

Lakini programu ya Washington huchukua muda kufika mtaani. Na East Los Angeles vijana walikuwa wamechoka kungoja.

Machi 1968

Sal Castro alikuwa mwalimu Lincoln High School, mwenyewe mtoto wa wazazi wa Kimeksiko. Alikuwa mmoja wa watu wazima waliohudhuria makongamano ya vijana wa Kimeksiko yaliyofanyika kila mwaka kwenye kambi moja huko Malibu tangu 1963. Pale, vijana kutoka shule tofauti walikutana kwa mara ya kwanza, wakaanza kulinganisha. Kumbe na kwenu vyoo hufungwa wakati wa chakula cha mchana? Kumbe na kwenu mtu hupigwa akisikika akiongea Kihispania? Kumbe na wewe mshauri alikuambia ujaribu ususi?

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana habari ya kupigwa kwa sababu ya lugha ya mama. Wengi wetu tuna mzazi au nyanya aliyewahi kuvishwa kile kibao shingoni.

Shule zenyewe zilikuwa zikiwapoteza wanafunzi kwa wingi. Katika baadhi yake, karibu nusu ya walioanza au hata zaidi hawakumaliza, na Garfield ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa kuwa na hali mbaya zaidi. Wanafunzi wakaandika madai: walimu wenye asili ya Meksiko, mafunzo kwa lugha mbili, historia yao ndani ya vitabu, mwisho wa viboko vya lugha, na masomo ya kuwaandaa kwa chuo. Soma orodha hiyo tena. Hawakuomba kuondolewa kazi ngumu. Waliomba wapewe ngumu zaidi.

Machi 1, wanafunzi wa Wilson High School walitoka nje baada ya mkuu wa shule kuzuia tamthilia yao. Siku chache baadaye Garfield wakafuata, kisha Roosevelt, Lincoln na Belmont. Kabla ya wiki hiyo ya Machi kuisha, maelfu ya wanafunzi, kwa makadirio mengi zaidi ya 10,000, walikuwa wameacha madawati na kuingia barabarani. Polisi waliwapiga baadhi yao. Robert Kennedy, akiwa katika safari ya kumwona Cesar Chavez aliyekuwa akimaliza mfungo wake, alisimama akakutana na viongozi wa wanafunzi, na picha ile ikawapa uzito.

Baraza la elimu liliwasikiliza, likakubali kwamba madai mengi yalikuwa ya haki, kisha likasema maneno ambayo kila serikali duniani huyajua kwa moyo: pesa hakuna.

Halafu likaja la kulipiza. Watu 13, Sal Castro miongoni mwao, walishtakiwa kwa njama ya kuvuruga amani. Kugoma kwenyewe lilikuwa kosa dogo, lakini ukiliita "njama" linageuka kosa zito, na kila mmoja alikabiliwa na uwezekano wa kufungwa miaka 66. Castro akaondolewa darasani. Wazazi na wanafunzi wakavamia ofisi za baraza la elimu na kukaa humo kwa siku kadhaa, mchana na usiku, hadi aliporudishwa. Mashtaka yalitupwa na mahakama ya rufaa mwaka 1970.

Mmoja wa viongozi wa mgomo pale Garfield alikuwa kijana aliyeitwa Harry Gamboa Jr. Miaka michache baadaye, yeye na wenzake watatu waliopitia shule hiyo hiyo, Patssi Valdez, Gronk na Willie Herrón, walianzisha Asco, kundi la sanaa ambalo leo linatajwa katika historia ya sanaa ya Marekani. Hiyo ndiyo shule iliyokuwa inadhaniwa haina vichwa.

Mtu wa La Paz

Jaime Escalante alizaliwa La Paz, Bolivia, mwaka 1930, mtoto wa walimu wawili. Alifundisha fizikia na hesabu kwao na akajulikana. Alipohamia Marekani katika miaka ya 1960, vyeti vyake havikutambuliwa na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Akaanza upya. Alipangusa sakafu na kuondoa vyombo kwenye mkahawa huko Pasadena, akasoma usiku, akapata kazi ya vifaa vya umeme katika kampuni ya kompyuta, akasoma tena, akapata leseni ya ualimu. Alipofika Garfield mwaka 1974 alikuwa na miaka zaidi ya 40 na alikubali mshahara mdogo kuliko aliokuwa nao.

Aliikuta shule iliyo karibu kunyang'anywa ithibati. Alitarajia kufundisha kompyuta, akapewa hesabu za mwanzo na vitabu vya ngazi ambayo kwao Bolivia ni ya watoto wadogo. Alifikiria kurudi kwenye kazi yake ya zamani. Hakurudi.

Sasa hapa ndipo filamu inapokunja karatasi. Escalante hakufungua darasa la kalkulasi mpaka 1978, na wanafunzi wengi aliowaandikisha walikimbia. Mwisho wa mwaka walibaki watano, wakapita wawili. Mwaka uliofuata idadi ikapanda kidogo. Mwaka 1981 watahiniwa walikuwa karibu 15 na wote isipokuwa mmoja wakapita. Ni ukuaji wa mti. Haukuwa mlipuko.

Kilichofanya mti ukue hakikuwa hotuba. Mkuu wa shule, Henry Gradillas, alipunguza madarasa ya hesabu ya kawaida na kuwataka waliobaki humo wachukue aljebra papo hapo. Asiyefikisha alama za wastani hakuruhusiwa kwenye michezo wala vilabu. Mwalimu mwenzake Escalante, Ben Jiménez, alishika sehemu ya mzigo wa kufundisha ngazi za chini, maana huwezi kuvuna kalkulasi bila mtu wa kupanda trigonometria. Kuanzia 1983, likizo ndefu zilitumika kwa masomo ya maandalizi katika East Los Angeles College, chuo cha jamii kilicho karibu, ambako mwanafunzi aliweza kumaliza kwa wiki chache kozi aliyoikosa kwa sababu ya ratiba. Yule aliyewekwa njia mbaya akiwa na miaka 14 alipata pahali pa kurudi barabarani.

Escalante mwenyewe alikuwa akifika alfajiri na kuondoka usiku. Kabla ya Gradillas kuja, naibu mmoja wa mkuu wa shule alimtishia kumfuta kazi kwa kuwahi mno, kuchelewa mno kutoka, na kuchangisha pesa za ada ya mtihani bila ruhusa. Ndiyo, ada ya mtihani. Mtihani wa Advanced Placement, au AP, hulipiwa. Kuna watoto ambao kikwazo chao cha mwisho hakikuwa hesabu bali zile dola chache.

Wanafunzi walimwita Kimo. Hakuwa mpole. Aliwapigia wazazi simu, aliwatania watoro mbele ya wenzao, na neno alilolirudia lilikuwa moja la Kihispania, *ganas*: hamu, nia, kiu ya kutaka jambo. Watu wamelichukua neno hilo na kuliandika kwenye mabango kana kwamba kiu peke yake hujaza mtungi. Escalante alijua zaidi. Ndiyo maana alitafuta pesa, madarasa na walimu wengine.

Swali la sita

Mei 1982, wanafunzi 18 wa Garfield walifanya mtihani wa AP wa kalkulasi. Wote wakapita. Kisha Educational Testing Service, shirika linalosimamia mtihani huo, likatilia shaka karatasi 14. Majibu yalifanana, na hasa katika swali la sita lilionekana kosa la aljebra la namna moja. Wanafunzi waliambiwa matokeo yao hayatatambuliwa mpaka warudie mtihani.

Tulia hapo kidogo. Ni watoto waliomaliza shule. Wengine wameshaanza kujiandaa kwenda chuo, wengine wako kazini. Wanaambiwa wana siku chache tu za kujikumbusha, na mtihani ni mpya. Wakikataa, watabaki na doa. Wakikubali na kushindwa, doa litakuwa rasmi. Mtaani wengi walisema wazi: hii shaka ingekuwepo kama shule ingekuwa ya Beverly Hills? Shirika lilisema halikuangalia majina wala shule, liliangalia majibu.

Kumi na wawili walikubali kurudia. Wote 12 walipita, na alama zao zikarudishwa.

Filamu inaishia karibu hapo. Ila mwandishi wa habari Jay Mathews, aliyeandika kitabu kuhusu Escalante, hakuishia hapo. Baadhi ya wanafunzi walimruhusu aone karatasi zao za kwanza, na akakuta kosa la swali la sita kweli lilijirudia kwa namna ya ajabu. Aliripoti pia kwamba wanafunzi wawili walimwambia kuna karatasi yenye jibu hilo lenye kosa iliyozungushwa chumbani.

Unaweza kuudhika na habari hiyo, au kuificha ili shujaa abaki safi. Mimi naona inaongeza uzito. Kwanza, waliodaiwa kunakili walinakili kosa, maana yake halikuwasaidia. Pili, na ndilo kubwa, Agosti waliketi mbele ya mtihani ambao hakuna aliyeuona, chini ya macho makali, na wakaupita wote. Ujuzi ulikuwa wao. Watoto hawa hawakuwa malaika wala wezi. Walikuwa vijana wa miaka 17 na 18 wenye woga wa kushindwa, na walijua kalkulasi. Yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Baada ya kelele zile, programu ilipanuka. Mwaka 1987 zaidi ya wanafunzi 80 wa Garfield walipita mitihani ya AP ya kalkulasi. Kwa hesabu ya Mathews, mwaka huo karibu asilimia 26 ya Wamarekani wote wenye asili ya Meksiko waliopita mtihani huo nchini kote walitoka shule hii moja. Takwimu hiyo husomwa kama sifa ya Garfield. Isome upande wa pili: nchi nzima, na shule zake zote, ilikuwa inafanya nini?

Kisha mti ukakatwa mizizi. Gradillas aliondoka 1987. Darasa la Escalante lilikuwa linafika wanafunzi zaidi ya 50 wakati mkataba wa chama cha walimu uliweka kikomo cha 35, na mvutano ukawa wa kila siku. Umaarufu wa filamu ulileta wageni, kamera na wivu. Mwaka 1991 aliondoka kwenda kufundisha Sacramento. Jiménez naye aliondoka. Katika miaka iliyofuata waliopita kalkulasi Garfield walipungua hadi wakawa wachache sana. Watoto hawakuwa wamebadilika. Mtaa ulikuwa ule ule. Kilichokuwa kimeondoka ni ngazi.

Waliofanya bila kamera

Mwaka 1980, wakati Escalante bado hajulikani, Mary Catherine Swanson alikuwa mwalimu wa Kiingereza Clairemont High School, San Diego. Amri ya mahakama ya kuchanganya wanafunzi ilileta shuleni kwao, kwa mabasi, watoto wa mitaa maskini, wengi wao Walatino na weusi. Swanson alichukua 32 kati yao wenye alama za katikati, wale ambao hakuna anayewaona, si mabingwa wala watukutu. Akawaweka kwenye madarasa magumu pamoja na wengine wote. Kisha akawapa kipindi kimoja kwa siku cha kufundishwa yale ambayo watoto wa wasomi huyapata mezani nyumbani: kuandika noti, kuuliza swali bila aibu, kupanga muda, kusoma na wenzao, wakisaidiwa na wanafunzi wa chuo. Aliiita AVID. Leo ipo katika maelfu ya shule.

Mwaka uliofuata, 1981, huko Chabot College, Hayward, Felix Galaviz na Patricia McGrath walianzisha Puente, yaani daraja. Waliona kwamba wanafunzi wa Kilatino kwenye chuo cha jamii walikuwa wakiepuka ofisi ya ushauri na kukwepa kozi za uandishi za ngazi ya chuo. Wakaunganisha vitu vitatu: darasa la uandishi linalosoma pia waandishi wa Kilatino, mshauri anayekufuata badala ya kukungoja ofisini, na mtu mzima wa jamii yako aliyekwisha kupita njia hiyo.

Hakuna sinema kuhusu kuandika noti. Lakini angalia vinavyofanana: Upward Bound, masomo ya likizo East Los Angeles College, AVID, Puente. Kote ni watu walioacha kuuliza "watoto hawa wana shida gani" na kuuliza "wenzao wana nini ambacho hawa hawajapewa?"

Herufi A hadi G

Ili uingie chuo kikuu cha umma California, unatakiwa umalize kozi 15 katika makundi saba yaliyopewa herufi A hadi G. Kwa miaka mingi, kumaliza sekondari Los Angeles hakukuhitaji kozi hizo. Mtu alivaa joho, akapigwa picha na mama yake, halafu akagundua cheti chake hakimpeleki popote. Mwaka 2005, baada ya kampeni ya wanafunzi, wazazi na vikundi vya mtaani, baraza la elimu la Los Angeles lilipitisha kwamba kozi za A hadi G ziwe za kila mtu. Lilikuwa mojawapo ya madai ya 1968, miaka 37 baadaye. Na hata hapo kukawa na tobo: wilaya ilikubali alama ya D ili umalize shule, wakati vyuo vikuu vinataka C.

Kazi imezaa matunda, tusibane sifa. Mwaka 2000, zaidi ya robo ya vijana wa Kilatino wa miaka 16 hadi 24 Marekani walikuwa nje ya shule bila cheti cha sekondari. Chini ya miaka 20 baadaye walikuwa wachache kuliko 1 kati ya 10. Lakini milango mipya huja na makufuli mapya. Fomu ya msaada wa fedha, FAFSA, ilipotolewa kwa sura mpya kwa ajili ya mwaka wa masomo wa 2024, eti iwe rahisi, mfumo uliwakwamisha wanafunzi ambao mzazi wao hana namba ya Social Security. Ni raia, wamefaulu, wana barua ya chuo mkononi, ila kompyuta inamkataa mama. Aliyewahi kukesha na tovuti ya HELB ataelewa nusu ya uchungu huo. Nusu nyingine ni woga kwamba kuandika jina la mzazi kutamfikisha mikononi mwa watu wa uhamiaji.

Escalante alifariki mwaka 2010, Castro mwaka 2013. Olmos, yule yule aliyeigiza kama Escalante, ndiye aliyeongoza Walkout, filamu ya 2006 kuhusu mgomo wa 1968. Watu wachache waliiona kulinganisha na ile ya kwanza. Naelewa kwa nini. Mwalimu mmoja anayebadilisha maisha ni hadithi inayompa kila mtu raha na haimdai mtu chochote. Ukimpata mwalimu wa namna hiyo, bahati yako, usipompata, pole. Maelfu ya watoto wanaosimama barabarani wakidai darasa la aljebra ni hadithi yenye bili. Inataka bajeti, walimu, mabasi, washauri, na ofisi inayofunguliwa hata Jumamosi. Garfield ilipokuwa na vitu hivyo, ilitoa mabingwa wa kalkulasi. Vilipoondoka, mabingwa wakaondoka navyo.